Dunga, Yala, King'wal au Kipsaina: kikundi chenye kinamasi kiige nani?

Nilialikwa na kikundi kimoja cha Nyakach, katika kaunti ya Kisumu, watu ishirini na kitu, nusu akina mama wasuka mikeka na nusu vijana wa bodaboda. Kinamasi chao hakitishi kwa ukubwa. Ukisimama kwenye tuta la huku unaweza kuhesabu ng'ombe wanaolisha ng'ambo. Ajenda ilikuwa moja tu: wachukue mkopo wanunue boti ya watalii, au waache. Wiki mbili kabla walikuwa wamekwenda Dunga, wakaona wageni wakipanda boti, wakala samaki, wakarudi na hesabu iliyopigwa mstari kwa kalamu nyekundu.

"Mwalimu, wewe umezunguka," mwenyekiti akaniambia. "Tufanye kama Dunga?"

Nikajibu kwamba inategemea. Mama mmoja aliyekuwa akisuka huku akisikiliza hakuinua hata uso. "Nyathina (mwanangu), hiyo 'inategemea' yako benki haitaipokea."

Alisema kweli. Kwa hiyo haya ndiyo majibu niliyopaswa kuwapa siku ile, nikiwapanga pamoja majirani wanne ambao vikundi vya upande huu wa nchi hupenda kuwatembelea na kuwaiga: Dunga hapa Kisumu, Yala kule Siaya na Busia, King'wal katika kaunti ya Nandi, na Kipsaina huko Trans Nzoia. Kila mmoja amelinda maji yake kwa njia yake. Na kosa ninaloliona mara kwa mara ni kikundi kuchagua kwa kumtazama mnyama au mgeni, kabla ya kuuliza jina la nani liko kwenye ardhi.

Wanne wenyewe

Dunga ni kinamasi cha mafunjo kando ya Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka katikati ya jiji. Ukubwa wake ni kama hekta 500. Kuna ufuo wa wavuvi wenye kamati yake ya usimamizi, kuna vijana waliojifunza kuongoza wageni, kuna akina mama wa samaki na wasusi wa mafunjo. Mgeni anayetoka mbali kwa ajili ya ndege huja akimtafuta hasa mmoja: gonoleki wa mafunjo, mweusi mgongoni, mwekundu wa damu kifuani, na kofia ya manjano kichwani. Dume na jike huitikiana kana kwamba ni ndege mmoja anayeimba. Huyu haishi msituni wala shambani. Anaishi kwenye mafunjo, na yakifyekwa hana pa kuhamia.

Yala ni habari nyingine kabisa. Ni hekta zipatazo 17,500, ardhi oevu kubwa kuliko zote za maji baridi nchini Kenya, na ndani yake kuna maziwa ya Kanyaboli, Namboyo na Sare. Mto Yala huingia upande mmoja ukiwa na udongo wa mashamba yote ya juu, na mafunjo huuchuja kabla haujafika Ziwa Victoria. Kulinda Yala maana yake ni kukutana na serikali mbili za kaunti, tume, wawekezaji na mawakili.

King'wal iko Nandi, si mbali na barabara ya kutoka Kapsabet kwenda Eldoret. Hapa mwenyeji mkuu ni nzohe, ambaye wengi wetu tunamwita sitatunga: swala wa majini mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame kwenye tope, na ambaye akiona hatari huzama na kuacha pua tu juu ya maji. Cha ajabu ni kwamba hakuna uzio wala askari wa getini. Nzohe hao wanaishi katikati ya mashamba ya watu.

Kipsaina haina kinamasi cha kupiga picha za kalenda. Iko jirani na Mbuga ya Taifa ya Saiwa, ile mbuga ndogo kuliko mbuga zote za taifa za Kenya, kama kilomita 3 tu za mraba, iliyotangazwa mwaka 1974 kwa ajili ya huyo huyo nzohe. Kikundi cha Kipsaina cha kulinda korongo taji na ardhi oevu kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, nje ya mbuga, kwenye vijito na mabonde ya wakulima.

Kabla sijaendelea, jambo moja ambalo watu wa Siaya hunishangaa ninapowaambia: maji ya King'wal huingia Mto Kimondi, na Kimondi huingia Mto Yala. Mtu wa Nandi akikausha bonde lake apande mikaratusi, anayeona tofauti ni mvuvi wa Kanyaboli. Hawa wawili hawajuani, lakini wanakunywa chungu kimoja.

Ardhi ni ya nani?

Hapa ndipo nitakapokaa, maana mengine yote yanatoka hapa.

King'wal ni ardhi yenye hatimiliki. Shamba la mtu huanzia barabarani, likateremka mlimani, likaishia katikati ya matete. Kwa hiyo ulinzi wake ni wa kuombana. Kikundi hakiwezi kumwamuru mwenye shamba aache kuchimba udongo wa matofali, au aache kulima nduma kwenye ukingo. Kinaweza kukaa naye, kumwonyesha nyayo za nzohe asubuhi, kumsaidia kupanga mahali pa kunyweshea ng'ombe ili wasikanyage kote. Watu wawili wakikataa katikati ya bonde, nzohe wanakatiwa njia, na waliobaki juu hawakutani tena na wa chini. Nimewasikia wazee wakisema kwamba kazi kubwa ya kikundi ni kunywa chai katika nyumba za watu. Usicheke. Ndiyo kazi yenyewe.

Sheria ipo nyuma yao, lakini ni ya kushikiwa kwa upole. Kwa kanuni za maji, ukingo wa mto hupimwa kufuata upana wa mto wenyewe, usipungue mita 6 na usizidi mita 30 kila upande, na hapo hapatakiwi kulimwa wala kujengwa hata kama hatimiliki yako inafika majini. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyopandwa kandokando ya vyanzo vya maji iondolewe. Agizo lilitikisa nchi kwa muda. Nenda leo kwenye bonde lolote la magharibi uhesabu mikaratusi. Mti huo unamlipia mtu karo, na agizo la redio halilipi karo.

Yala ni kinyume. Sehemu kubwa ilikuwa ardhi iliyoshikiliwa na mabaraza ya wilaya kwa niaba ya wananchi, na ndiyo sababu mwaka 2003 mabaraza ya Siaya na Bondo yaliweza kuketi na kampuni ya Kimarekani ya Dominion Farms na kuikodisha karibu hekta 6,900 kwa miaka 25. Matuta yakajengwa, mpunga ukapandwa, wengine wakapata ajira na wengine wakapoteza malisho, mafunjo na njia za kupita. Muongo na nusu baadaye kampuni ilikuwa imefunga virago, na badala ya kinamasi kurudi kwa wenyewe, mazungumzo yakageukia mwekezaji mwingine na miwa. Kikundi cha Yala kilijifunza kwa maumivu kwamba unaweza kupanda mafunjo miaka kumi na kuyapoteza kwa sahihi moja iliyowekwa kwenye mkutano ambao hukualikwa.

Ndiyo maana nguvu zao nyingi, wakisaidiwa na shirika la Nature Kenya, zimekwenda kwenye mpango wa matumizi ya ardhi wa bonde zima: hapa pa kulima, hapa pa kulisha, hapa pa kuachwa kwa jamii na wanyama. Ni kazi ya ramani, vikao na maoni ya maandishi. Anayetaka picha ya kuweka mtandaoni hatapata kitu. Lakini jueni hili, nanyi mna haki hizo hizo: tangu Katiba ya 2010, mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani kutetea mazingira safi bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ikimpa mtu leseni ya mradi msiokubaliana nao, mna siku 60 za kukata rufaa kwenye baraza la mazingira. Siku hizo zikipita mkiwa bado mnatafuta nauli ya kwenda Nairobi, mmechelewa.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaongeza jambo. Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba yenu. Neno "kwa niaba yenu" ni tamu, lakini walioishi Yala wanajua linavyoweza kutafsiriwa.

Dunga iko katikati. Ufuo una kamati inayotambulika kisheria, wavuvi wana sauti, na kwa sababu jiji liko mlangoni, yeyote anayejaza udongo ufuoni usiku huonekana asubuhi. Ila jiji hilo hilo ndilo linalosogea. Bei ya kiwanja chenye mandhari ya ziwa haifanani na bei ya mkeka.

Kipsaina walichagua kutoigusa kabisa ile hoja ya nani ni mwenye kinamasi. Walianza na kingo, vitalu vya miche na mashamba yao wenyewe. Hakuna aliyewazuia, maana walikuwa wakipanda miti kwao.

Pesa

Sasa ile boti.

Dunga inalipa kwa sababu mteja yuko tayari Kisumu kwa shughuli nyingine. Amekuja kwa mkutano, kwa harusi, kwa likizo ya watoto, amelala hotelini, Jumapili asubuhi hana la kufanya. Bodaboda inamfikisha ufuoni kabla hajabadilisha nia. Nyakach, mteja huyo inabidi umtoe nyumbani kwa makusudi, na mvua ikinyesha barabarani atageuza gari. Methali inasema mgeni njoo mwenyeji apone. Kikundi kikipanga maisha yake yote kwa mgeni, mwenyeji atasubiri sana kupona.

Halafu kuna gharama ambazo mgeni hazioni: injini, mafuta, jaketi za kuelea, leseni ya chombo, na kijana wa kulala na boti ili isiibwe. Kuna gugumaji, ambalo tangu liingie ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 halijatutoka. Upepo ukilisukuma upande wa Winam, linafunga ufuo kwa siku kadhaa na boti zinakaa kama zimepandwa. Kuna mwaka 2020, ugonjwa ulipozuia safari na ziwa lenyewe likapanda hadi likameza fuo. Dunga waliyavuka kwa sababu hawakuwa na boti pekee. Walikuwa na samaki na mafunjo. Anayeiga boti peke yake ameiga kofia ya Dunga akaacha kichwa.

Kuhusu mafunjo nitasema zaidi, kwa sababu pale Nyakach utajiri ulikuwa mikononi mwa yule mama na hakuna aliyeuandika kwenye daftari. Mafunjo ni mmea wenye haraka. Ukiyakata vizuri yanachipua kutoka kwenye mizizi yake na baada ya miezi kadhaa yanakuwa marefu kumshinda mtu. Msusi anayekata kwa zamu, ukanda huu leo na ukanda ule msimu ujao, akaacha machanga na asichome moto, anapata mikeka, vikapu, viti na mapaa mwaka hadi mwaka, na gonoleki haondoki. Msusi anayekata yote kwa mpigo, au anayewasha moto ili yachipue sawasawa, anaua soko lake. Tena msusi ana faida moja ambayo mtalii hana: anakuwepo kinamasini kila siku. Mtu mgeni akianza kuchimba mfereji, yeye ndiye wa kwanza kujua.

Kikundi cha Nyakach kingetumia sehemu ndogo tu ya mkopo ule kwa kibanda cha kukaushia mafunjo mvua isiyafikie, na mtu wa kupeleka mikeka Kisumu na Kericho, kingeona pesa kabla boti haijapakwa rangi. Haya ni maoni yangu, na kuna kijana pale aliyekasirika niliposema.

Kipsaina pesa ni ndogo ndogo na za namna nyingi: miche ya kuuza, asali ya mizinga iliyowekwa karibu na mabonde. Hakuna aliyetajirika. Lakini pia hakuna aliyefilisika, na kwenye mambo ya kikundi hilo si jambo dogo. King'wal, wageni wachache huja asubuhi sana kumwona nzohe, na inamfaidi aliye karibu na mahali pa kuangalilia. Mwenye shamba wa kilomita mbili chini anapata nini? Anapata nyasi za ng'ombe wa maziwa wakati wa kiangazi, na maji. Hayo yasemwe wazi wazi kwenye vikao, kwa lita na kwa shilingi, kuliko kumwahidi watalii.

Yala, fedha nyingi zimepitia miradi. Mradi una mwanzo, katikati, fulana, na mwisho. Ni fedha nzuri za kulipia ramani, mafunzo na wakili, mambo ambayo harambee haiwezi. Ni fedha mbaya za kulipia mshahara wa mlinzi, kwa sababu siku zitakapokoma na mlinzi atakoma.

Kuna njia ya tano niliyoiona ikifanya kazi nje ya hawa wanne, kule Naivasha katika kaunti ya Nakuru. Watumiaji wa maji wa chini, wakiwemo wakulima wa maua, walichanga, na wakulima wadogo wa juu upande wa Nyandarua wakapewa vocha kwa kupanda kanda za nyasi na kutengeneza matuta ili udongo usiteremke ziwani. Inahitaji tajiri wa chini anayejua kwamba anamtegemea maskini wa juu. Kwenye mito ya kwetu, tajiri wa namna hiyo hajajitokeza kwa urahisi, ingawa viwanda vya sukari vinakunywa maji ya mito hiyo hiyo.

Wanyama je?

Ukinipima kwa wanyama tu, kila mmoja anashinda kwenye wake.

Kanyaboli ina kitu ambacho pesa haiwezi kukirudisha kikipotea. Mbuta, samaki mkubwa anayekula samaki wenzake, alipoingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, samaki wengi wa asili walimalizika ziwani, akiwemo ngege wa asili, yule ambaye wazee wetu walimla kabla jina lake halijahamia kwa samaki mwingine. Ndani ya Kanyaboli bado yupo, pamoja na fulu, samaki wadogo wa asili, wa aina kadhaa, kwa sababu kinamasi kimesimama kama ukuta kati yake na mbuta. Mwaka 2010 Kanyaboli ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Tangazo ni zuri, lakini ukuta ni mafunjo, si tangazo.

Nzohe wa King'wal wanahitaji kinamasi kilichoungana. Nzohe wa Saiwa wana uzio na askari, ila mbuga yao ni kisiwa katikati ya mahindi, na kinachotoka mashambani, mbolea, udongo na dawa, hakiulizi getini. Ndiyo maana nawaheshimu sana Kipsaina: walielewa kwamba mbuga ndogo haiwezi kujilinda kutoka ndani.

Na walichagua mnyama kwa akili. Korongo taji anatambulika na mtoto wa chekechea, anatembea shambani mchana akila wadudu na nafaka, anatua juu ya miti usiku, jambo ambalo korongo wa namna yake wa mabara mengine hawawezi, kisha anahitaji kinamasi kidogo tu chenye matete ili atage. Tangu 2012 amewekwa kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka. Kwa kikundi kidogo chenye bonde dogo, huyu ndiye mnyama wa kuanza naye. Nzohe anataka bonde zima; korongo taji anaweza kukupa kiota msimu wa kwanza kama watoto wataacha kuchukua mayai na ng'ombe wakizuiwa miezi michache. Shule moja jirani ikishikwa vizuri, kazi imefika nusu.

Kwa Nyakach, wana bahati ya pembeni: vinamasi vya Kusa na Koguta, vilivyo upande wao wa ghuba, vimo kwenye orodha ya Maeneo Muhimu ya Ndege ya Kenya pamoja na Dunga na Yala. Jina hilo halizuii tingatinga. Linafungua mlango wa ofisi, basi. Ziwa Nakuru liko kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa ardhi oevu, tangu 1990, ni mbuga ya taifa, ni urithi wa dunia pamoja na Elementaita na Bogoria tangu 2011. Hata hivyo maji yalipoanza kupanda zaidi ya muongo uliopita yalimeza geti na ofisi, na heroe wakaenda kutafuta chakula kwingine. Vyeti vyote vilibaki ukutani, vikavu.

Makaratasi, kwa haraka

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kikundi cha kujisaidia kinasajiliwa siku hizi chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022. Kinatosha kwa vitalu, mizinga na mikeka. Mkitaka sauti juu ya mto wenyewe, nani anavuta maji na kwa mashine gani, ingieni au undeni chama cha watumiaji wa rasilimali za maji, kinachotambuliwa na Sheria ya Maji ya 2016. Kama mko ufuoni, kamati ya ufuo tayari ipo. Msiunde nyingine ya kushindana nayo, pitieni humo humo hata kama mwenyekiti wake hampendani.

Basi mchague nani

Kama kinamasi chenu kiko kwenye mashamba yenye hatimiliki, iga King'wal kwa vikao na Kipsaina kwa kazi za mikono. Anzeni na majirani watatu wanaopakana, wala si bonde zima. Waliokubali wakionekana wana nyasi mwezi wa pili, wa nne atakuja mwenyewe.

Kama ni ardhi ya jamii, kubwa, na mmeanza kuona magari yenye nambari za Nairobi yakisimama na watu wakinyoosha vidole, achaneni na miche kwa sasa. Nendeni Yala mkakae na wenzenu siku mbili. Waulizeni walianza lini kuandika kumbukumbu za mikutano, na wangependa wangeanza lini. Sajilini ardhi, chora ramani yenu hata kwa mkono, andikeni nani hukata mafunjo wapi na tangu lini. Kesi za namna hii huanguka au husimama kwa daftari la namna hiyo.

Kama mko nusu saa kutoka mji wenye hoteli, na mna vijana wawili au watatu wanaopenda ndege kwa dhati, si kwa posho, hapo igeni Dunga. Lakini muanze na darubini mbili na njia ya miguu. Boti ije mwaka wa tatu, na inunuliwe kwa faida. Kijana anayemjua gonoleki kwa sauti ana thamani kuliko injini ya nguvu za farasi kumi na tano, na haibiwi usiku.

Na kama hamjui mko kundi gani, au mko makundi yote matatu, kama ilivyo Nyakach, fanyeni kama Kipsaina kwanza. Ndiyo chaguo langu kwa vikundi vingi vya huku, na nalisema nikijua halina mvuto. Gharama ni ndogo, hakuna kibali cha kusubiri, na kosa likitokea linagharimu mifuko ya miche, haligharimu nyumba iliyowekwa dhamana.

Wenzangu wa Nyakach hawajaamua wote. Boti imeahirishwa hadi mkutano wa mwaka, na kijana wa hesabu nyekundu bado ananitazama kwa jicho la pembeni. Akina mama wameshaanza kupima kanda za kukata kwa kamba, na wameniomba niwatafutie mbegu za miti ya kienyeji ya kando ya maji kwa ajili ya kitalu.

Nimewapa sharti moja. Siku ya Ardhi Oevu Duniani ni tarehe 2 Februari, na kila mwaka viongozi huja siku hiyo wakitaka kupanda mti mbele ya kamera. Kikundi chetu cha kwanza, miaka hiyo tukiwa wageni wa mambo haya, tulipanda miche mia tatu tarehe hiyo, tukapiga makofi, tukaenda nyumbani. Februari huku ni kiangazi. Kufikia Machi tulikuwa tumebakiwa na vijiti mia tatu. Siku hiyo waache viongozi wapalilie kitalu, au wahesabu ndege. Miche itoke mvua ndefu zikishika, ardhi ikiwa imelowa hadi kiwiko.